Beringi Zisizotimiza Saba

Niliposikia kwamba Fundi Athumani ametutoka, kitu cha kwanza kilichonipanda si huzuni, ni hasira. Sikumkasirikia marehemu, Mungu amrehemu. Nilijikasirikia mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimejiahidi kwenda kumwambia neno moja, na ahadi hiyo nimeisogeza mbele mwaka baada ya mwaka hadi nimepata pensheni, magoti yamekataa ngazi, na mwenye kuambiwa amekwenda zake. Siku ya tatu nilivuka feri nikaenda Bofu, huko Likoni, kwenye hitima. Nyumba ni ile ile, ila imeongezwa vyumba viwili, na mabati yamekaa mahali pa makuti. Nikakaa mkekani pamoja na wanaume, nikapewa kahawa, na mzee mmoja aliyekuwa kando yangu, jirani wa marehemu, akaniuliza kwa upole, "Nawe wajuana naye kwa wapi, ndugu yangu?" Nikamwambia tulifanya kazi pamoja Changamwe wakati wa vita. "Ah," akasema, akikizungusha kikombe chake, "huko alikotolewa kwa zile beringi." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anavyoeleza kwamba fulani alioa Mtongwe au alikuwa na kaka baharia. Miaka arobaini imepita, na watu wa Bofu bado wanazijua zile beringi. Kahawa yangu ikapoa mkononi.

Habari za kwetu na jinsi nilivyosoma nitaziacha, hazina la kuongeza hapa. Inatosha kusema kwamba mwaka wa nne wa vita nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu, karani wa karakana ya pampu huko Changamwe, na nilijiona nina akili kubwa kuliko kazi niliyopewa. Karakana ilitunza pampu ishirini na nne zilizosukuma maji kutoka upande wa Miritini hadi kwenye matangi, na ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja cha mabati kilichobandikwa ubavuni mwake. Asubuhi kilivumilika. Ikifika saa tano jasho lilidondoka juu ya kadi na wino ukatambaa, kwa hiyo nilijifunza kuandika nikiwa nimelaza kitambaa chini ya mkono. Ukuta mzima ulikuwa droo za kadi. Kila beringi, ile pete ya chuma yenye gololi ndani inayouwezesha mhimili wa pampu kuzunguka bila kusagika, ilikuwa na kadi yake: namba yake, siku iliyofungwa, siku iliyokufa. Mafundi husema hivyo, beringi imekufa, nami niliandika hivyo hivyo. Siku zile beringi zilikuja kwa meli, na meli zilikuwa zikizamishwa, kwa hiyo zilikaa stoo chini ya kufuli mbili.

Mhandisi wetu alikuwa Mwingereza mfupi tuliyempa jina la Kalamu Nyekundu, kwa sababu hakuweza kusoma karatasi bila kuikwaruza. Alitaka jibu la swali moja tu: miezi mitatu ijayo zitakufa beringi ngapi, ili aagize mapema. Karani aliyenitangulia alimpa wastani. Alijumlisha siku zote zilizoishi beringi zote, akagawa, akapata siku tisini na kitu, na kwa wastani huo karakana mara ilijaa beringi zisizo na kazi, mara ilibaki na pampu nne zimelala na watu wakipiga kelele kuhusu maji. Wastani haukusema uwongo. Ulisema tu jambo ambalo halikumhusu mtu, maana karibu hakuna beringi iliyokufa siku ya tisini. Nyingine zilikufa siku ya arobaini, nyingine zilifika mia mbili zikizunguka kama zimefungwa jana. Kilichohitajika ni kujua zinavyotawanyika, siku hadi siku, na nilipomwambia hivyo Kalamu Nyekundu alinitazama kama nimeomba nyongeza ya mshahara, kisha akasema, "Basi nitafutie."

Nilikuwa na kitabu kimoja cha hesabu za takwimu, kilichochakaa, nilichoachiwa na mwalimu wangu. Kilikuwa na mistari miwili mitatu iliyochorwa vizuri, kila mmoja na kanuni yake. Wa kwanza ulikuwa na umbo la kengele, na kitabu kiliusifu kurasa nzima. Nikauweka juu ya kadi zangu, ukanipa beringi zilizokufa kabla ya kufungwa. Wa pili ulikuwa wa vitu visivyozeeka, ambavyo nafasi yake ya kufa leo ni sawa na ya jana na ya mwaka kesho. Huo nao haukufaa, kwa kuwa beringi inazeeka, na yeyote aliyewahi kuisikia ikilia anajua. Nilizunguka na mistari hiyo miezi miwili. Jumapili nilipotoka kanisani nilikuwa nikihesabu, nikila nilikuwa nikihesabu, na mwenye nyumba wangu alidhani nina deni mahali. Mwishowe nikakitupa kitabu chini ya kitanda nikaanza upya na swali ambalo hakikuuliza: beringi iliyofika leo ikiwa hai, ina hatari gani ya kufa leo? Nikaiita hatari ya siku. Nikaifanya ianze karibu na sufuri, kisha ipande kadiri umri unavyopanda, na kasi ya kupanda nikaiachia namba moja niliyoweza kuigeuza kama mtu anavyogeuza utambi wa taa. Nikaigeuza kidogo kidogo mpaka mstari ukalala juu ya kadi zangu. Kadi saba tu ziligoma. Zilikuwa za beringi zilizokufa siku ya tisa, ya kumi na moja, ya kumi na tano, mapema mno. Nikasema hizo ni makosa ya fundi au ya chuma, nikazitia katika droo ya chini kabisa, nikaifunga. Nayaandika haya na mkono unaniwasha kwa hasira, kwa sababu ukweli wote ulikuwa ndani ya droo ile.

Chakula cha mchana nilikula na Fundi Athumani. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, kofia yake nyeupe safi katika karakana ambayo hata hewa yake ilikuwa na grisi, na ndiye aliyefunga kila beringi katika pampu zote ishirini na nne. Alivuka maji kila alfajiri kutoka Likoni na bakuli lililofungwa kitambaa. Tulikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, palipokuwa na upepo, akafungua: mbaazi za nazi, au muhogo, siku nyingine samaki wa kupaka, na mahamri ya jana yaliyokauka kidogo. Mimi nilileta chai. Hakukubali hata siku moja nile kando. "Mkono wako, Karani, usitie aibu," alikuwa akisema, akilisukuma bakuli katikati. Tukimaliza alinawa, akatoa karatasi mfukoni, akanipa. "Nimekuletea wenye majina," alisema. Karatasi ilikuwa na namba za beringi mpya na siku alizozifunga, nami nikaziandikia kadi. Nililiona lile neno kuwa mzaha wake. Kila mara nilicheka, yeye akatabasamu, na sikumwuliza hata mara moja kwa nini karatasi ya leo ilikuwa na beringi zilizofungwa wiki iliyopita. Mtu aliyekuwa akijisifu kwamba ameuliza swali ambalo kitabu hakikuuliza!

Nilimpelekea Kalamu Nyekundu mstari wangu mwezi wa sita. Alichukua muda, akapima hapa na pale kwa rula, halafu akaweka alama nyekundu pembeni na kusema ni kazi nzuri. Ilikuwa mara ya kwanza kusifiwa na mtu pale, na sitajifanya kwamba sikufurahi. Nilitoka ofisini mwake nikitembea kama nina viatu vipya. Wiki iliyofuata aliniita tena. Mezani alikuwa na mstari wangu na daftari la mtunza stoo. Daftari lilisema beringi mia moja sitini na tisa zimetolewa stoo katika miezi kumi na miwili iliyopita na kukabidhiwa Fundi Athumani. Droo zangu zilikuwa na kadi mia moja arobaini na sita. Akaweka kidole mahali mstari unapoanzia, pale chini kabisa, na kuniuliza, "Huu unasema beringi mpya haifi?" Nikasema ndiyo, bwana, hatari ya siku za mwanzo ni karibu na sufuri. "Basi hizi ishirini na tatu hazikufa," akasema. "Zimeuzwa."

Akaitwa Fundi Athumani, nikasimama katikati kutafsiri. Nimeyarudia maneno yale kichwani mara nyingi kuliko sala. Mhandisi aliuliza beringi ziko wapi. "Zimekufa, bwana," Fundi akasema. "Zikenda na chuma chakavu." Hilo liliwezekana, maana chuma chakavu chote kilichukuliwa kila mwezi kwa ajili ya vita, na hakuna aliyekihesabu. Mhandisi akauliza kwa nini basi hazina kadi. Fundi akanitazama mimi, si yeye, na kusema, "Zalikuwa bado changa." Nami, karani msomi, nikamwambia Mwingereza kwamba zilikuwa mpya. Neno ni changa! Hata mjinga hawezi kulikosea. Embe ni changa, mtoto ni mchanga, ni kitu ambacho hakijathibiti kuwapo kwake. Lakini nilikuwa na mstari wangu kichwani na sikusikia ila "mpya." Kalamu Nyekundu akacheka kidogo. "Ndivyo nilivyosema. Mpya hazifi." Akamsimamisha kazi, akampa wiki mbili ajitayarishe kusikilizwa, na kumwambia ashukuru kama hatapelekwa polisi. Fundi alisema, "Wallahi sikuiba," mara moja tu, akavaa kofia yake. Nitasema yaliyokuwa moyoni mwangu, kwa kuwa sioni faida ya kujipamba uzeeni: nilifikiri ameiba. Niliuamini mstari niliochora mwenyewe kuliko mtu niliyekula naye bakuli moja.

Siku ya tano ya kusimamishwa kwake alinitumia salamu kwa mpiga makasia wa Mtongwe: mkewe amejifungua mtoto wa kike, Jumapili ni siku ya saba, niende nikale akika. Sikujua niuweke wapi uso wangu. Nilifikiri kusema naumwa. Nikaenda, kwa kuwa kutokwenda kungekuwa sawa na kusema wewe mwizi, na bado sikuwa na ujasiri wa kulisema. Nilifika mapema. Uani mbuzi ameshachinjwa, masufuria ya wali wa nazi yanatokota, na harufu ya udi ilitoka chumbani kwa mzazi. Fundi alinipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, Fundi." "Marahaba, Karani. Karibu kwako." Nikamwuliza jina la mtoto, kama mtu anavyouliza, na mama mkwe wake aliyekuwa akipita na sinia akanikata kwa haraka, "Hajapata jina, mwanangu. Ngoja anyolewe kwanza." Nikakaa barazani chini ya dirisha. Ndani wanawake walikuwa wakiongea bila kujua niko pale. Mmoja, mgeni kwa sauti yake, aliuliza huyu ni mtoto wa ngapi. "Wa nne," akajibiwa. "Wa nne? Mbona mimi nalikuja huku mara mbili, na..." Sauti ya yule mama mkwe ikashuka: "Wale hawakutimiza saba. Hawahesabiwi. Wala usiwataje leo, mama yao asikia."

Nilibaki nimekaa nimeshika glasi ya sharubati. Hawahesabiwi. Nikaona karatasi za mchana, nikasikia "nimekuletea wenye majina," nikalisikia lile neno changa kwa masikio ya kwetu sote, na nilitamani baraza lipasuke linimeze. Alikuwa akifunga beringi na kuiacha izunguke siku saba. Ikitimiza, aliiandika namba kwa chokaa na kuniletea, ikapata kadi. Ikifa kabla, aliitoa, akaitupa kwenye chuma chakavu, akafunga nyingine, na hakusema. Hakuficha. Kwake haikuwa imekuwapo bado. Baada ya kula nilimvuta kando, penye kisima. "Fundi, zile zisizotimiza saba, ulikuwa ukizifanya nini?" "Nawe sasa wauliza," akasema. Nikamwambia nitamtetea, nitachora mstari mpya, ila nahitaji idadi. Zilikuwa ngapi? Akageuza uso upande wa uani, walikokuwa wakimtoa mtoto akiwa na kichwa kilichonyolewa na jina jipya, Mwanakombo. "Mimi siwahesabu, Karani," akasema. "Twende tukampe mtoto mkono."

Zilibaki siku saba. Niliifungua droo ya chini nikatoa zile kadi saba zilizogoma. Hazikuwa makosa. Zilikuwa mkia wa jambo ambalo kichwa chake kilikuwa katika wiki isiyoandikwa, zile zilizokufa mapema lakini baada ya kupewa jina. Mstari wangu ulijua hatari moja tu, ya uzee. Sasa nilihitaji ya pili, ya uchanga, inayoanza juu na kushuka kila siku inayopita, kisha nizijumlishe: nyingine ikishuka, nyingine ikipanda, na katikati kipindi kirefu cha utulivu. Kitabu hakikuwa na mstari wa namna hiyo. Kila kitu chenye kuzaliwa kinakwenda hivyo, watu, mbuzi, michikichi, na kitabu chote cha kurasa mia tatu hakikuwa nao! Nikautunga. Kila nilipoishusha hatari ya uchanga kwa haraka, zile saba zilikosa mahali. Nikiishusha polepole, ilikula beringi za mwezi wa pili ambazo kadi zake nilikuwa nazo, ziko hai. Nilichana karatasi, nikaazima nyingine, nikaandika nyuma ya fomu za grisi. Siku ya sita ikakubali. Nikaufuata mstari kurudi nyuma, kutoka siku ya nane kwenda ya kwanza, mahali ambapo sikuwa na kadi hata moja, nikauuliza ni beringi ngapi zingekufa humo. Ukajibu: ishirini na mbili.

Sikuwahi kuwa na furaha kama ile, wala haikudumu saa ishirini na nne. Kikao kilikuwa ofisini kwa Kalamu Nyekundu: yeye, mtunza stoo, Fundi Athumani amesimama na kofia mkononi, na mimi na karatasi zangu. Nilieleza. Nilieleza siku saba, nikaeleza uchanga na uzee, nikalisahihisha lile neno nililolitafsiri vibaya. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Mstari huu uko katika kitabu gani?" Nikasema nimeutunga mwenyewe, bwana. "Mwezi uliopita ulinitungia mwingine, ukasema mpya hazifi. Mwezi ujao utanitungia upi?" Nikamwambia ule wa kwanza ulikosa kadi za wiki ya kwanza. "Na huu unazo?" Hapana, bwana, ila... Akaivuta karatasi. "Ishirini na mbili," akasoma. "Zilizopotea ni ishirini na tatu. Basi hii moja aliiba." Mtunza stoo akacheka. Nikamweleza kwamba mstari hautoi idadi kamili kama mizani ya dukani, kwamba ishirini na mbili maana yake yaweza kuwa ishirini, yaweza kuwa ishirini na tano. Akasema kama yaweza kuwa yoyote basi haisemi chochote. Nikapandisha sauti. Akaniambia nitoke. Mlangoni nilimwangalia Fundi, nikidhani atasema neno, hata la kunilaumu, naye aliniitikia kwa kichwa tu, kwa heshima, kama tulivyopishana asubuhi nyingine yoyote. Hawakumpeleka polisi. Walimwondoa bila barua ya sifa, na mtu aliyeondolewa bila barua wakati ule hakupata karakana nyingine bandarini wala relini. Alirudi Likoni akatengeneza baiskeli.

Mahali pake aliletwa fundi kutoka bara, mtu wa kuandika kila kitu, hata saa aliyokunywa maji. Aliandika beringi kuanzia siku ya kwanza. Katika miezi mitatu alifunga arobaini na moja, na sita zilikufa kabla ya kutimiza wiki. Mstari wangu ulikuwa umesema tano na kidogo. Nilizibeba zile kadi sita nikaenda nazo kwa Kalamu Nyekundu, nikaziweka mbele yake moja moja, nikasema, "Huyu naye ni mwizi, bwana?" Sijui nilipata wapi ulimi huo. Alizitazama, akautoa mstari wangu ndani ya faili, akapima kwa rula, na nakumbuka uso wake uling'aa kwa furaha ya kweli. "Tutaagiza kwa huu," akasema, na akaagiza kwa huo mpaka vita vikaisha, na pampu hazikulala tena. Nikamwuliza, na Fundi Athumani? "Hilo faili limefungwa." Faili! Alilokuwa nalo mkononi lilikuwa limefunguka, na lile la mtu limefungwa. Mwaka uliofuata niliacha kazi nikaenda kufundisha hesabu, na huko, nikiwa na mvi, nilikutana katika kitabu kipya na mstari wangu wa kwanza, ule wa uzee, umepewa jina la mtu wa Ulaya. Wa pili sikuwahi kuuona, na siku hizi sitafuti. Neno nililojiahidi kwenda kumwambia Fundi lilikuwa hilo tu: kwamba kwa fundi mpya zilikufa sita. Nilimwona mara mbili tatu penye feri, ameinama juu ya gurudumu la mtu, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, na kila mara nilijiambia, nimletee nini, karatasi? Kazi haimrudii. Nikapita.

Hitima ilipokwisha na watu wakaanza kuaga, mwanamke mmoja wa makamo, mwenye buibui, alikuja barazani akaniamkia. "Shikamoo, ami. Wewe ndiwe Yohana karani?" Nikasema ndimi. "Mimi ni Mwanakombo. Baba ameacha amana yako." Akaingia ndani akarudi na kopo la sigara la zamani, zito kuliko lilivyoonekana, akaliweka mbele yangu mkekani. Nikalifungua. Lilijaa gololi za chuma, kila moja sawa na mwenzake, zinang'aa kwa mafuta. "Hakutuacha tuzichezee tulipokuwa wadogo," akasema. "Kila Ramadhani ikikaribia huzipangusa, akazipaka mafuta. Alisema ni za wale wasiotimiza saba. Kila moja iliyokufa aliitoa gololi moja akaja nayo nyumbani, nyingine ikenda na chuma."

Nilimwuliza kwa nini baba yake hakunionyesha. Fundi nilikwisha kumwuliza idadi, pale pale penye kisima, siku aliyopewa jina yeye mwenyewe, akaniambia hahesabu. Mwanakombo akatazama chini. "Mama alimwambia, mwonyeshe karani. Baba akasema, karani ni mtu mwema, ila ashaandika mara moja, nami nikaitwa mwizi. Zikikutwa nyumba hii, ndizo zitakazonifunga." Akaongeza, kama mtu anayetaka kunipunguzia, "Hakuwa na kinyongo nawe, ami. Alisema nikupe ukija, uzihesabu."

Nilimwambia habari za zile sita za fundi mpya. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema Alhamdulillahi, na kwamba baba yake angependa kulijua hilo. Kisha nikakigeuza kifuniko cha kopo nikaanza kuzihamisha moja moja, vidole vikiteleza kwa mafuta, yeye akiwa amechutama ananitazama. Nilifika ishirini na mbili. Chini ya kopo ilikuwa imebaki moja.